Somo: Tustroki au fostroki, ufunge mashine gani kwenye mtumbwi wako

Habari za mwaloni, pale mitumbwi yetu inapopaki, wadau. Hili swali limeulizwa mno tangu bei ya mafuta ianze kutunyoosha, leo tulimalize hatua kwa hatua. Naongelea mashine za kufunga nyuma ya mitumbwi yetu ya mbao, HP (nguvu ya mashine) 9.9 mpaka 40 hivi, huku Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze mpaka Ukerewe na Kome huko. Mwenye boti ya kitalii ana mambo yake.

Kwa anayeanza: tustroki ni ile unachanganya oili na petroli, injini inachoma vyote, na ule moshi wa bluu asubuhi mwaloni ndo oili yenyewe inaondoka. Fostroki oili inakaa ndani ya injini kama bodaboda, kwenye tanki unaweka petroli tupu.

HATUA YA KWANZA: jua mashine yako inanguruma masaa mangapi

Sio umbali, masaa. Mvuvi wa sangara anayetega karibu jioni na kuzifuata nyavu alfajiri, mashine yake inafanya kazi muda mfupi tu kwa siku. Wa dagaa anaenda mbali lakini mbalamwezi ikiwa kali anapaki, kwa hiyo mwezi wake wa kazi sio siku 30. Anayebeba abiria au anayezungusha barafu na samaki visiwani, mashine haipoi kutwa nzima. Hawa watatu wakienda dukani na ushauri mmoja wa kijiweni, wawili wataumia.

HATUA YA PILI: piga hesabu ya mafuta, hapa usiruke

Tustroki ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ina ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mchanganyiko mpya ukiwa unaingia kwenye silinda, tundu la kutolea moshi bado liko wazi, kwa hiyo sehemu ya petroli uliyonunua inatoka nje haijaungua. Fostroki ina valvu zinazofunga na kufungua kwa zamu, haimwagi hivyo. Ndo maana kwa HP ileile inakula kidogo, na tofauti inaonekana zaidi ukiwa unatembea taratibu, mfano unafuata nyavu.

Usiamini namba za muuzaji. Jaza tanki mpaka juu, nenda safari yako ya kawaida na mzigo wa kawaida, ukirudi jaza tena kwa dumu lenye alama za lita, ulichoongeza ndo ulichokula. Kisha muombe mwenye fostroki ya HP kama yako afanye hivyohivyo kwa safari kama hiyo.

Mfano tu: tuseme fostroki inaokoa lita 5 kwa siku na unatoka siku 20, hizo lita 100 kwa mwezi. Ongeza oili, kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1 kila lita 100 za petroli zinameza lita 2 za oili ya tustroki, nayo hununui tena. Toa humo pesa ya kubadilisha oili ya fostroki. Zidisha kwa bei ya kwako, sio ya sheli ya mjini, maana kisiwani dumu lina bei yake. Halafu chukua tofauti ya bei ya mashine mbili ugawe kwa pesa hiyo ya mwezi. Ikitoka miezi 8 au 10 kanunue fostroki bila kuuliza mtu. Ikitoka miaka minne, mh, mpaka hapo mashine yenyewe inaweza kuwa imeshaibiwa.

HATUA YA TATU: nani ataibeba?

Huku kwetu mwenye akili haachi mashine ilale mwaloni. Yamaha Enduro ya HP 15 ina kilo 36 hivi, kijana mmoja anaitupia begani anapandisha nayo mpaka stoo. Fostroki ya HP 15 inagonga kilo 50, hapo ni watu wawili, kwenye mawe yenye utelezi, usiku. Na fostroki ina upande wake wa kulala, soma kitabu chake, ukiilaza vibaya oili inahamia kwenye silinda na asubuhi unavuta kamba mpaka bega linauma. Angalia pia ubao wa nyuma wa mtumbwi, kama umeshaanza kuoza usiuongezee kilo.

HATUA YA NNE: fundi na spea

Tustroki fundi yeyote chini ya mti anaifungua na spana zake chache, plagi na impela (ya pampu ya maji ya kupoza) zipo kila mahali (feki pia zipo kila mahali). Fostroki ina valvu za kuseti, ina kichujio cha oili, zingine ni za injeksheni, yaani petroli inapulizwa badala ya kupita kwenye kabureta, na hizo hazitaki kabisa petroli ya dumu yenye maji. Kama fundi wa karibu yuko mjini, siku ulizokaa nchi kavu ziingize kwenye hesabu ya hatua ya pili.

HATUA YA TANO: urefu wa shafti. Fupi ni inchi 15, ndefu inchi 20. Pima ubao kabla hujalipa.

Msimamo wangu: wa karibu na mwenye mtumbwi mmoja abaki na tustroki ya HP 15, wa abiria na mizigo ahamie fostroki. Wa dagaa ndo wapige hesabu kweli kweli.

Ukinunua mpya, tustroki masaa 10 ya mwanzo changanya 25 kwa 1. Fostroki mwaga oili ya kwanza baada ya masaa 20, kisha kila masaa 100.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kayenze: Mkuu, oili ya bodaboda si naweza kuchanganyia tustroki? Iko bei chee.

Jibu: Usithubutu kaka. Ile imetengenezwa ikae kwenye injini, sio iungue. Itajaza masizi kwenye plagi na ringi zitaganda. Tafuta chupa iliyoandikwa TC-W3, ndo alama ya oili ya tustroki za majini.

Mama wa dagaa, Ukerewe: Mwanangu, vijana wangu wanasema fostroki ni nzito kuchomoka, ni kweli au wanataka tustroki ili wauze mafuta?

Jibu: Shikamoo mama. Vyote vinaweza kuwa kweli 😀 Tustroki inachomoka haraka kwa sababu inawaka kila mzunguko wa krenki, fostroki kila mizunguko miwili. Lakini mtumbwi uliojaa nyavu, taa na watu haukimbii hata hivyo, unasukuma maji tu, hapo propela inayofaa mzigo ndo msaada. Kuhusu mafuta, panda nao safari mbili na dumu lako la alama.

Mdau wa Igombe: Mashine imezama, imetolewa baada ya nusu saa, nifanyeje?

Jibu: Ifanyie kazi leo leo. Toa plagi, inamisha matundu yaangalie chini, vuta kamba taratibu maji yatoke, ikikaza usilazimishe. Safisha kabureta, mwaga mafuta yote, tia oili kidogo kwenye silinda, iwashe ikae inanguruma nusu saa au zaidi. Fostroki oili nayo utaikuta rangi ya chai ya maziwa, mwaga, weka mpya, na utarudia tena. Kama fundi hayupo mpaka kesho, izamishe kwenye pipa la maji safi, kutu inaanza ikigusana na hewa.

Mdau wa Kome: Nimepata fostroki used bei poa, nikague nini?

Jibu: Chomoa kijiti cha oili, ikiwa nyeupe nyeupe maji yameingia. Fundi apime kompresheni, yaani silinda inavyobana hewa, zote zikaribiane. Legeza skrubu ya chini ya gia boksi uone oili yake. Iwashe ikiwa kwenye maji uone inakojoa vizuri yale maji ya kupoza injini. Ila anza na namba ya mashine kwenye mabano ya kufungia, ilingane na risiti. Ikiwa imekwanguliwa, hata hiyo kompresheni usipime.