Kumswakisha mtoto mdogo: usiku ndio wenye kazi kubwa

Mtoto mdogo akioza meno ya mbele ya juu huku ya chini yakiwa mazima, mara nyingi utakuta hulala na chupa mdomoni. Maziwa au juisi hutuama kwenye meno ya juu. Ya chini hukingwa na ulimi na mate. Usingizini mate hupungua sana, nayo ndiyo husuuza asidi ambayo bakteria huitengeneza kutokana na sukari. Mswaki upigwe asubuhi na usiku, ila wa usiku usiukose hata mara moja.

Anza jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida karibu na miezi 6. Tafuta mswaki wenye kichwa kidogo na nywele laini. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayoimarisha meno, isiyopungua ppm 1,000 (yaani sehemu 1,000 katika kila milioni); soma tyubu, maana baadhi ya dawa zenye vikatuni hazina floraidi kabisa. Chini ya miaka 3, paka kiasi cha punje ya mchele tu. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha njegere. Usizidishe: mtoto humeza, na floraidi nyingi ikimezwa kila siku huacha madoa kwenye meno ya ukubwani ambayo bado yanaumbika ndani ya taya.

Mlaze kichwa kikiwa mapajani mwako, au akisimama, kaa nyuma yake aegemeze kichwa kifuani. Inua mdomo wa juu kwa kidole. Mswaki uguse jino na ukingo wa ufizi kwa pamoja, usugue kwa mizunguko midogo, dakika 2. Anzia kwenye magego: yana mifereji inayoshika chakula, na uvumilivu wa mtoto huisha mapema. Meno yakishagusana, katikati pitisha uzi wa meno, kwa kuwa nywele za mswaki hazipenyi. Akimaliza ateme bila kusukutua, floraidi ibaki kazini. Kuanzia hapo hadi asubuhi, maji matupu. Hata dawa ya kikohozi yenye sukari mpe kabla ya mswaki.

Aliyezoea chupa na ameshapita mwaka mmoja hataiacha kwa siku moja. Kila usiku punguza maziwa, ongeza maji, mpaka yabaki maji. Mchana mzoeshe kikombe. Mchana huohuo, juisi ya kunywa kidogokidogo saa nzima huharibu kuliko ileile ikinywewa mara moja na chakula, kwa sababu kila funda huamsha asidi upya.

Kila mwezi futa meno ya juu kwa kitambaa, uyatazame kwenye mwanga. Mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi ni mwanzo wa kuoza, na bado unaweza kurudishwa kwa floraidi. Ukiwa kahawia au tundu, mswaki hautoshi. Mpeleke kwa daktari wa meno. Akivimba uso au kupata homa, mpeleke siku hiyohiyo.

Endelea kumswakisha mwenyewe hadi miaka 7 au 8. Karibu na miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni. Hilo halina mbadala. Likiwa bado fupi, mswaki hulipita juu bila kuligusa. Ukingamishe mswaki kutokea upande wa shavu ulifikie.