Praktiko ya joto la asidi na besi: vikombe viwili, sio bika tupu
Wale mnaofanya praktiko ya kupima joto linalotoka asidi na besi zikichanganywa, acheni kutumia bika ya glasi peke yake, glasi yenyewe inakula joto na lingine linapotelea hewani. Chukua vikombe viwili vya povu, vile vyeupe vyepesi vya chai ya kubeba, kimoja ndani ya kingine, visimamishe kwenye bika visianguke, mfuniko utoboe tundu la themometa basi.

Wengi tunapochemka (samahani) ni kusoma joto la asidi tu. Soma zote mbili, asidi na besi, kabla ya kuchanganya, na suuza themometa kabla hujaihamisha. Ukitumia sm³ 50 za HCl (asidi) ya 1M, yaani moli 1 kwa lita, na sm³ 50 za NaOH (besi) ya 1M, joto linatakiwa lipande karibu digrii 6.8, mimi mara ya kwanza nilipata 4 na kitu kwa sababu nilimimina kidogo kidogo kama najaza mafuta kwenye kibatari. Mimina yote mara moja, koroga, soma kila sekunde 30 kwa dakika kama 5, chora grafu halafu urudishe mstari nyuma mpaka muda uliochanganya, hiyo ndo digrii ya kutumia.

Kwenye hesabu uzito ni gramu 100 sio 50, zote mbili zimepata joto. 100 × 4.2 (jouli za kupandisha gramu 1 ya maji digrii 1) × 6.8 ni jouli 2,856, gawa kwa moli 0.05 za asidi zilizomo kwenye sm³ 50 unapata kilojouli 57 kwa moli, na weka alama ya kutoa mbele kwa sababu joto limetoka, watu wanakatwa maksi kwa hako kakistari tu.