Kabla ya kujenga ukuta mtoni, panda juu uangalie mabati

Masika ya mwaka 2018 yalimega kipande cha shamba langu huku Dagoretti, Nairobi, kando ya kijito kinachoingia mto Motoine. Maji yalipopungua nilinunua lori mbili za mawe, nikamwita fundi, tukainua ukuta upande wangu. Vuli ya 2019 maji yalikuja yakakuta njia imekuwa nyembamba. Yaligonga ukuta, yakageuka, yakaingia kwa jirani wa ng'ambo na kubeba kibanda chake cha kuku. Asubuhi alisimama ukingoni kwake akaniita: "Mwalimu, mto umenisukumia mimi." Nilisema, "Pole, mama," na sikuwa na lingine la kusema. Wiki hiyo hiyo ukuta nao ulianguka, kwa kuwa maji yalikuwa yameuchimba chini.

Tangu hapo tumefanya kazi pamoja, kaya kumi na moja za pande zote mbili. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyofanya.

Anza kwa kutembea, tena wakati mvua inanyesha. Vaa gambuti, chukua daftari, panda mteremko hadi mahali maji yanapoanza kukusanyika. Sisi tulikuta mafuriko yetu hayaanzii mtoni hata kidogo. Yalianzia kwenye mapaa na kwenye barabara ya murram iliyokuwa ikimwaga maji yake yote sehemu moja. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000. Ploti ishirini za kupangisha zenye mapaa ya namna hiyo ni lita 100,000, na zote zinateremka karibu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo fedha zetu za kwanza hazikwenda mtoni. Zilinunua gata na matangi, na tukachimba mashimo ya kufyonza maji yanayofurika kutoka kwenye matangi, mbali na misingi ya nyumba na mbali na vyoo vya shimo.

Kisha waulize wazee maji yalifika wapi. Huku kwetu kila mtu wa umri wangu anakumbuka El Nino ya 1997, na wengi wana alama: mti fulani, ngazi ya kanisa, nguzo ya ua. Piga vigingi na uzi kufuata alama hizo. Eneo lililo ndani ya uzi ni la mto, hata kama hati inasema ni lako. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kingo kuwa mita 6 kwa uchache na 30 kwa wingi kila upande, kulingana na upana wa mto. Mimi nashauri uende kwa alama ya mafuriko pale inapozidi mita hizo, kwa kuwa maji hayasomi kanuni.

Pima pia kasi ya mto. Chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10, tupa chungwa katikati, hesabu sekunde. Likichukua sekunde 20, kasi ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa upana na kina, kisha punguza kama sehemu moja ya tano, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kijito chenye upana wa mita 2 na kina cha sentimita 40 kinapitisha kama lita 320 kwa sekunde. Fanya hivyo siku ya kawaida, na siku ya mvua kubwa upime ukiwa mahali salama, usiingie majini. Ukilinganisha namba hizo mbili na upana wa kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, iliyo upande wa chini wa mto, utajua kama tatizo ni kalvati. Yetu ilikuwa imejaa mifuko na matawi, na kuizibua kulichukua Jumamosi moja.

Kwenye mteremko tulichimba matuta ya fanya juu: mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo ukitupwa upande wa juu. Usikisie usawa kwa macho. Funga miti mitatu kwa umbo la herufi A, ning'iniza jiwe kwa kamba, na uhakikishe kamba inapita katikati ya mti wa kulala kila unaposogea. Juu ya tuta panda nepia, ng'ombe wapate chakula na mizizi ishike udongo. Ukikaribia ukingo mkali, acha kuchimba, maana maji yanayotulia pale yatalainisha udongo na kuuporomosha.

Jambo lililotuletea mabishano ni nduma. Watu wamesomesha watoto kwa nduma, na nduma inapenda ukingo. Lakini kila ukivuna unafukua udongo pale pale maji yanapouvizia. Hatukumwambia mtu aache. Tulihamisha nduma juu, kwenye mitaro iliyotandikwa karatasi ya nailoni na kujazwa udongo na samadi, ikimwagiliwa maji ya tangi. Mwaka wa kwanza nilimsaidia jirani yangu yule kuchimba mitaro yake kabla ya yangu. Nilikuwa na deni.

Ukingo ulioachwa upandwe kwa tabaka. Karibu na maji, mafunjo na matete. Juu kidogo, mikuyu na mianzi. Mikaratusi isiwepo, inakunywa mno. Ila kama ipo tayari usiing'oe visiki, maana mizizi ndiyo inayoshika ukingo. Kata, acha kisiki, pogoa machipukizi, huku miche mipya ikikua. Chimba mashimo Januari na Februari, panda mvua ya Machi ikishaloweka udongo vizuri, na panga nani atapalilia na kumwagilia hadi mwaka wa pili. Miche mingi tuliyopoteza haikuchukuliwa na mafuriko. Iliuawa na kiangazi cha Agosti, na mbuzi.

Usinyooshe mto. Kona zake zinapunguza kasi, na vidimbwi vya konani ndipo vyura wanapotagia. Gogo lililolala kando liache. Linalokwenda kuziba kalvati litoe. Tafuta pia kipande cha chini ambacho maji yanaweza kulala siku mbili bila kudhuru mtu. Chetu ni malisho yenye nyasi tupu. Aprili 2024, maji yalipoua watu Mathare na kwingineko, malisho yale yalijaa hadi kwenye ua, na nyumba zote kumi na moja zilibaki kavu.

Ukifika mahali unahitaji mawe au gabioni (makasha ya waya yaliyojazwa mawe) mtoni, usifanye kama nilivyofanya 2018. Nenda kwanza kwenye chama cha watumiaji wa maji cha eneo lako, kisha Mamlaka ya Rasilimali za Maji mpate kibali, na walio chini yenu wasikie mpango kabla jiwe la kwanza halijashushwa. Motoine inateremka hadi bwawa la Nairobi kando ya Kibera, kutoka hapo mto unaitwa Ngong, unapita Mukuru. Kila dakika tunayoyachelewesha maji huku juu, mama wa kule anapata dakika ya kuwatoa watoto.

Kila baada ya msimu tunatembea mto mzima tena na daftari lile lile, tunaandika alama mpya ya maji, miche iliyokufa, na viumbe tulivyoona. Machi hii tumeandika ndege wawili, fundichuma, wanajenga kiota kwenye mkuyu wa jirani yangu.