Kabla uangushe ndoano mto Nyando ama mto Sondu, soma hii

Siku hizi watu wengi wanatoka Kisumu mjini, wengine mpaka Nakuru, wanashuka Ahero ama Sondu wikendi na fimbo za kuvulia kwa gari, na hakuna ubaya hapo. Ubaya unaanza vile mtu anafika, anakanyaga mahindi ya wenyewe akishuka mtoni, anajaza ndoo na kurudi mjini bila kusalimia ata mtoto, alafu akiulizwa anatoa leseni. Leseni lazima uwe nayo lakini haiwezi kukusaidia kama watu wa pale hawakujui.

Wacha tumalizane nayo kwanza. Uvuvi uligatuliwa, kwa hivyo unaenda ofisi ya fisheris ya kaunti, unasema wazi unataka kuvua kwa fimbo na wapi, unalipa na unachukua risiti, na usikubali kumpa mtu pesa mkononi ati atakutengenezea. Pale Sondu, Kisumu na Kericho zinapakana, kwa hivyo uliza ofisi yenyewe kama karatasi yako inafanya kazi pande zote. Ukishuka karibu na mdomo wa mto, pale maji yanaingia ziwani, hapo kuna BMU, kile kikundi cha wenyeji cha kusimamia ufuo na uvuvi, na wao ndo wanajua ni sehemu gani samaki wanazalia na haziguswi, tafuta mwenyekiti wao kabla ujitafutie mahali. Na usichanganye mambo, ule msimu wa kufunga wa kuanzia tarehe 1 Aprili mpaka 31 Julai ambao kila mtu huongelea ni wa omena (dagaa) kule ziwani, haimaanishi ati mtoni unaeza fanya utakavyo hiyo miezi. Kwa maoni yangu hiyo ndo miezi ya kuwa mwangalifu zaidi.

Sababu ni samaki anaitwa ningu. Mvua kubwa ikinyesha na mto ukijaa, ningu anatoka ziwani anapanda mto kwenda kutaga, na fwani, samaki mwingine wa mto, pia hupanda. Wazee wa Kano na Nyakach wanakumbuka vile ningu alikuwa chakula cha kila nyumba, alafu neti zikaanza kuwekwa kwa midomo ya mito, zinashika mama wakiwa na mayai tumboni kabla ata wapande, na kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeanguka vibaya. Mpaka leo haujarudi, na sasa anahesabiwa kati ya samaki walio hatarini kabisa kupotea. Sasa fikiria mtu aliyekulia pale, anaambiwa asiweke mtego, na anaona mgeni akipakia samaki wa mayai kwa buti ya gari. Atakasirika, na mimi naona ako na haki. Lakini pia lazima tuseme ukweli wote, kuna vijana wa pale pale wanakokota neti ya mbu na wanatoa ata vidagaa vya urefu wa kidole, hiyo inamaliza mto kuliko fimbo kumi, kwa hivyo lawama isiwe ya upande mmoja.

Ukifika, usishuke mtoni moja kwa moja. Ingia boma iliyo karibu, ama uliza jamaa wa boda wa stejini ni shamba la nani lile, juu ata kama ukingo wenyewe haufai kulimwa, njia ya kufika inapita kwa mtu. Upande wa Waluo ukisema "oyawore" asubuhi na upande wa Wakipsigis "chamgei", umeshafungua mlango nusu. Alafu ongea wazi: "Mzee, naitwa fulani, nimetoka Kisumu, naomba kuvua hapa mpaka saa kumi, nitabeba wawili tu." Hiyo ya wawili ndo watu husikiza, kwa hivyo ukiisema uiheshimu. Mzee akikataa, mshukuru uende, usibishane na usipitie kwa jirani yake, pale mpakani Waluo na Wakipsigis wamewahi kupigana na hakuna samaki wa thamani hiyo. Muulize pia kuhusu kiboko na mamba, yeye ndo anajua wako wapi hiyo wiki.

Kwa ndoano mara nyingi utapata fwani na mumi (kambare). Ningu ni nadra, mdomo wake umeangalia chini na yeye hukwangua chakula kwa mawe na matope, nyungunyungu hana haja nayo sana. Akishika, mrudishe, ata kama ni mkubwa, na wakati wa mvua mrudishe pia fwani mwenye tumbo limefura. Usimkamue tumbo ati unaangalia kama ako na mayai, utayamwaga. Kabla utupe ndoano, finya ule mwiba mdogo wa ndoano na koleo ulale, itatoka rahisi. Lowesha mikono kwanza, mshike chini ya tumbo akiwa bado kwa maji, usimburute kwa mchanga juu ule utelezi wa ngozi ndo unamkinga na magonjwa. Kama amemeza ndoano usivute, kata uzi karibu na mdomo. Alafu mwelekeze kichwa mkondo unakotoka, umshikilie hivyo mpaka apige mkia mwenyewe. Kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, ukimshika weka vidole mbali kabisa, meno yake hayachezi.

Wale wa kubeba, beba wa kula nyumbani. Usiwauze pale ukingoni wala kwa hoteli za barabarani, hapo unamharibia mama wa samaki soko na ndo maneno mengi huanzia. Kama unataka zaidi, nunua kwake.

Na kuna kitu kimoja mtu wa fimbo ataona mapema kuliko wengine: sumu. Kuna watu wanamwaga dawa ya shamba mtoni, ama utupa uliopondwa, ule mmea wa sumu ya samaki, na sheria ya uvuvi ya 2016 inakataza, sawa na baruti na umeme. Ukiona samaki wa kila saizi wanaelea tumbo juu, na wadogo kabisa pia, toka kwa maji. Waambie kwanza watu walio chini ya mto, juu kuna mama anachota maji ya kupika na kuna ng'ombe wanakunywa, alafu piga simu kwa chifu na fisheris, piga picha inayoonyesha mahali. Ukijua ni nani alimwaga usimfuate mwenyewe, mwachie chifu. Na wale samaki usiokote ata mmoja, na jioni ukiona sokoni samaki wengi wadogo wa bei ya kutupa siku hiyo hiyo, usinunue.