Maji ya karo na matete: jinsi ya kupunguza naitrojeni kabla haijafika kisimani (Dodoma)

Kwa mnaojenga pembezoni huku ambako bomba la majitaka halijafika, yale maji yanayotoka septiki hata yakionekana meupe bado yamejaa amonia ya mkojo (ndiyo naitrojeni yenyewe), ukiyazamisha ardhini inageuka naitreti, naitrojeni ya aina nyingine, inashuka na maji mpaka kisimani. Na Dodoma ni visima jamani, mji wenyewe unakunywa visima vya Mzakwe. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa kichanga, damu yake inashindwa kubeba oksijeni.

Dawa yake ni shimo la kokoto lililopandwa matete, maji ya septiki yapite humo kwanza. Kadiria mita 2 za mraba kwa mtu, watu 6 chimba mita 2 kwa 6, kina sm 70 na mteremko kidogo sana. Tandika nailoni ngumu au piga zege ili isivuje. Mawe makubwa yakae maji yanapoingilia na yanapotokea, katikati kokoto sm 60, na ZIOSHE. Kwangu zilimwagwa na vumbi lake hivohivo, haikupita miezi mingi tope likaziba maji yakatuama juu, mbu na harufu, tukazitoa zote kwa koleo.

Matete chimbua mtoni, chukua kipande cha mzizi chenye chipukizi, panda vinne kila mita ya mraba.

Sasa wengi wanadhani matete ndo yanakula naitrojeni yote, hapana, yanakula sehemu tu, kazi kubwa ni ya bakteria. Bua la tete lina uwazi ndani linapeleka hewa mpaka mizizini, pale bakteria wanaigeuza amonia kuwa naitreti, pembeni kidogo ambako hewa haifiki wengine wanaigeuza hiyo naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ile ya kawaida tu iliyomo hewani, inapaa zake. Kwahiyo bila hewa hakuna kitu. Bomba la kutolea lifungie elbo (kona ya bomba) inayozunguka, ukiizungusha ndo unapandisha au kushusha maji, siku zote maji yawe sm 5 chini ya uso wa kokoto, ila mara mojamoja yashushe alafu yapandishe tena, hewa inafuata.

Matete yakikomaa kata yangali mabichi na uyatoe kabisa, yakiozea humohumo naitrojeni inarudi majini.

Kiangazi chetu kirefu, ukisafiri mwachie mtu kazi ya kuongeza maji, mizizi ikikauka unaanza upya. Yanayotoka mwishoni mwagilia migomba, mchicha usithubutu, vijidudu bado vimo.