Rangi Mwishoni: Somo la Kuboresha Picha za Wanyamapori

Picha nyingi ninazoletewa nizitazame zina ugonjwa mmoja. Mnyama mzuri, kamera nzuri, ila rangi zimekolezwa mpaka majani yanaumiza macho. Nikiuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Ilikuwa imepooza, nikaongeza rangi." Picha iliyopooza mara nyingi haikupungukiwa rangi. Imekosa mwanga, au mnyama amekaa vibaya kwenye fremu. Ndiyo maana hapa rangi tutaigusa mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Shuka chini

Lenzi iwe usawa wa macho ya mnyama. Ukimpiga bata ziwani nawe umesimama, utapata mgongo wake na maji matupu. Lala kifudifudi ukingoni, lenzi ikae kidogo tu juu ya maji. Sasa kilicho nyuma yake kiko mbali, kinalainika kama ukungu wa rangi moja, na bata anajitokeza peke yake. Kamera ni ile ile na lenzi ni ile ile. Kwa wanyama hatari usitoke kwenye gari: piga kupitia dirishani, maana ukipigia juu ya paa utamfanya hata tembo aonekane mdogo.

Hatua ya 2: Kagua nyuma yake kabla ya kumkagua yeye

Kijiti kinachoonekana kama kimemwota swala kichwani huondoka ukisogea hatua moja pembeni. Acha nafasi upande anaotazama. Usimkate kwenye magoti wala kwato. Mchukue mzima, au msogelee kwa lenzi ubaki na uso.

Hatua ya 3: Subiri mwanga

Saa moja ya kwanza baada ya jua kuchomoza, na ya mwisho kabla halijazama, mwanga huja kwa ubavu na kuingia machoni. Itafute ile nukta nyeupe ndani ya mboni. Bila hiyo, mnyama aliye hai huonekana kama sanamu. Jua la utosini huangusha kivuli cha paji la uso juu ya macho, na hewa ya moto inayotetemeka huharibu ukali wa picha za mbali hata fokasi ikiwa sahihi. Hilo hakuna programu ya kulirekebisha.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga: anayekimbia, 1/1000 ya sekunde au zaidi, ndege arukaye, anzia 1/2000.

Jambo linalowachanganya wengi ni kipimo cha mwanga. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Yangeyange mweupe akijaza fremu, itapunguza mwanga naye atatoka kijivu, kwa hiyo ongeza. Akiwa mdogo mbele ya kichaka cheusi, itaongeza mwanga na manyoya yake yataungua, yaani yatakuwa meupe matupu, kwa hiyo punguza. Na upige kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera ambalo halijachakatwa. JPEG, faili la kawaida la picha, hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 hubeba 16,384. Ukianza kuvuta vivuli utauona umuhimu wake.

Hatua ya 4: Hariri kwa mpangilio

Nyoosha na kata kwanza. Kisha weka joto la rangi: kamera ikiachiwa ichague yenyewe, mara nyingi huifuta dhahabu ya jioni. Rudisha karibu na kelvini 5500, yaani mwanga wa mchana, utaona dhahabu inarejea. Kisha tuliza sehemu zilizong'aa mno na uinue vivuli kidogo.

Sasa rangi. Nilikuwa na picha ya mdiria mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Nikaikoleza, kwa mbali ikapendeza. Nilipoikuza hadi asilimia 100, vinyoya vyote vya kifuani vilikuwa vimegeuka doa moja. Kwenye histogramu, ile grafu inayoonyesha mwanga wa picha kuanzia giza kushoto hadi mng'ao kulia, mstari wa nyekundu ulikuwa umegonga ukuta wa kulia. Nikarudisha ukolezo ulipokuwa, nikapunguza mng'ao wa rangi ya chungwa peke yake, na vinyoya vikarudi kimoja kimoja. Halafu nikafanya jambo ambalo tangu siku hiyo sijaliacha: sikumgusa tena ndege, nikafifisha kijani cha nyuma yake. Akasogea mbele mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina simu tu. Nifanyeje?*
Usivute kwa vidole, kwa kuwa kwenye simu nyingi huko ni kukata picha tu. Tafuta walio karibu: vipepeo, mijusi, konokono. Gusa jicho kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha punguza mwanga kidogo. Angalia pia kama simu yako ina RAW. Nyingi za sasa zinayo.

*Naweza kukata picha mpaka wapi?*
Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukibakiza nusu ya kila upande unabaki na 3000 kwa 2000, megapikseli 6 tu. Kwa kioo zinatosha sana. Kuchapa A4 kwa nukta 300 kwa inchi kunahitaji takriban 3508 kwa 2480, hivyo hapo umeshapungukiwa kidogo.

*Kuna tawi limepita mbele ya mguu wa chui. Nilifute?*
Kwa ukuta wa nyumbani kwako ni hiari yako, ingawa mimi ningeliacha, maana chui huishi na matawi. Kwa mashindano, usithubutu. Shindano la kimataifa la Wildlife Photographer of the Year haliruhusu kuongeza wala kuondoa kitu, na wanaofika mbali hudaiwa faili la RAW.

*Nikiweka picha mtandaoni rangi zinafifia, kwenye kompyuta ziko sawa. Tatizo nini, ndugu yangu?*
Huenda umehifadhi kwa Adobe RGB, wasifu wa rangi wenye upeo mpana. Programu isiyosoma wasifu huo huonyesha rangi zilizochuja. Hifadhi nakala ya mtandaoni kwa sRGB, wasifu wa kawaida wa mtandaoni. Ikiwa picha zinatoka na giza pia, punguza mwangaza wa kioo unapohariri usiku, kisha uifungue tena picha asubuhi kabla hujaituma.