SOMO: Mpeleke mtoto baharini maji yakitoka

Wazazi wenzangu, wengi wetu hapa Dar bahari tunayoijua ni ya jioni: mihogo ya kukaanga, mpira mchangani, kuogelea kidogo, nyumbani. Mtoto anarudi hajaona kiumbe hata kimoja. Bahari yenye mambo ni ile ya maji yaliyotoka, mwamba ukiwa wazi, na haina kiingilio.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi
Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua: maji hujaa sana na hutoka mbali sana. Kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Uzuri wake, siku hizo maji hukauka mida ya saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali mno. Kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai wala kutoka sana, hakuna cha kuona. Ukiwa na shaka muulize mvuvi yeyote.

Hatua ya 2: Vaeni na muwahi
Viatu vya kufunga, kandambili hapana. Kofia, maji ya kunywa. Fikeni saa moja kabla ya maji kukauka, myafuate yakitoka.

Hatua ya 3: Dimbwi moja tu
Hapa ndipo tunapoharakisha. Mtoto akivutwa huku na huko haoni kitu. Chuchumaeni kando ya dimbwi moja la mwambani, kivuli chenu kisilifunike, mkae kimya. Mwanzoni ni mwani tu. Mara ganda la konokono linaanza kukimbia, na konokono hakimbii: ndani yake kuna kaa mdogo aliyehamia humo, kwa sababu tumbo lake ni laini na halina gamba la kulikinga. Akikua anatafuta ganda kubwa zaidi. Ndiyo maana maganda matupu hatubebi kwenda nayo nyumbani; ni nyumba za watu.

Mkikuta kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, mpindueni taratibu ndani ya maji yaleyale. Mtoto ataona vijiguu laini visivyohesabika vikipapasa, na mdomo katikati. Kisha mwacheni ajipindue mwenyewe. Anachukua muda, na watoto huwa hawabanduki mpaka amalize.

Usimwage majina na maelezo. Subiri aulize. Usipojua, mwambie "hebu tuendelee kumwangalia".

Hatua ya 4: Mipaka
Konokono mwenye ganda la umbo la pia, lenye madoadoa ya kupendeza, haguswi kabisa: ana mwiba wa sumu. Mkono hauingii kwenye shimo lisiloonekana ndani. Na maji yakianza kurudi tu, ondokeni, kwa kuwa mikondo iliyo nyuma yenu hujaa kabla hamjashtuka.

Hatua ya 5: Rudini palepale
Bamvua ijayo ni baada ya wiki mbili hivi. Rudini kwenye dimbwi lilelile. Kwangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Mtoto anaanza kusema "dimbwi langu", na akikuta mfuko wa plastiki humo anautoa bila kuambiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Sisi tuko Dodoma, bahari tutaitoa wapi?*
Marahaba. Mna mibuyu! Ua la mbuyu hufunguka magharibi, jua likizama, na huishi usiku mmoja tu. Msimu wa maua ukifika, kaeni na mtoto chini ya mti mkiwa na tochi. Popo huja kunywa nekta, na wao ndio wanaobeba chavua. Mvua za kwanza zikinyesha, mna kumbikumbi.

*Wangu ana miaka 4, bila simu haendi popote.*
Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa umri huo asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na acheze walau dakika 180. Ila maneno hayatamshawishi. Simu yako wewe iache kwenye mkoba kwanza. Mpe kazi: abebe kikombe, achote maji, ayarudishe. Mwalike na mtoto wa jirani, wakiwa wawili simu husahaulika.

*Akichomwa na wale viumbe wa baharini wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi nifanye nini?*
Mtoe majini. Loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika. Yapime kwanza kwa mkono wako, usimuunguze. Yakipoa ongeza, nusu saa au zaidi, maumivu hupungua. Miiba inayotokeza itoe kwa kibanio, iliyozama usiichokonoe. Akivimba sana, akipumua kwa shida, au mwiba ukiwa karibu na kiungo, kimbilia hospitali.